MAONI: Mashine ya kufyeka ikiungua, kagueni chuma kabla ya kumkamata jirani

Mutshatsha – Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, moshi hufunika mapori ya teritwari ya Mutshatsha. Mwindaji anachoma ili wanyama watoke, mkulima anachoma ili asafishe shamba, mchoma makala anaacha tanuru lake bila mlinzi, na upepo unamaliza kazi. Moto huo unakula nyumba za nyasi, mashamba ya mihogo na mizinga ya nyuki. Siku hizi unakula pia mashine. Mashine ya kufyeka iliyofungwa nyuma ya trakta ikilazwa kwenye majani makavu, moto hauulizi kama ni ya kampuni, ya padri au ya kikundi cha wakulima.

Baada ya moto, maneno huwa ni yale yale kila mahali. Wa kwanza anasema: moteri ya idroliki imekufa, inunuliwe nyingine, ifungwe, kazi iendelee. Wa pili anasema: moto huu wameleta wageni, wale waliokuja juzi na mizigo kichwani. Maneno yote mawili yanasemwa kwa haraka, na yote mawili yanaweza kukiponza kijiji. La kwanza linapoteza pesa. La pili linapoteza watu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana kwa mtu wa mjini. Mvua huanza Oktoba. Mahindi yanatakiwa yawe ardhini kati ya Novemba na katikati ya Desemba. Anayechelewa anavuna kidogo, hata akiweka mbolea. Familia iliyozaliwa hapa ina shamba la zamani, ina mihogo inayosubiri ardhini, ina ndugu wa kukopa kwao. Familia iliyohamishwa haina hayo. Imepewa kipande cha pori, au imeazimwa na shefu wa kijiji, na pori hilo lina vichaka na visiki. Kwa jembe na panga, baba, mama na watoto wakubwa wanaweza kumaliza wiki nyingi kabla ya kuona udongo. Mashine ya kufyeka inafanya kazi hiyo kwa saa chache. Ikilala Oktoba na Novemba, familia hizo ndizo za kwanza kukosa bukari mwaka unaofuata.

Lualaba ni jimbo linalotoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, lakini unga wake mwingi unatoka nje. Zambia ikikohoa, Kolwezi inaumwa. Februari 2024, ukame ulipoipiga Zambia, serikali ya huko ilitangaza janga la taifa, na kila mama anayepima unga sokoni anajua maana yake kwa mfuko wake. Wengi wanakumbuka pia jinsi Katanga ya zamani, chini ya gavana Moïse Katumbi, ilivyozitaka kampuni za madini zilime kila moja hekta 500. Mpango ule unaweza kusifiwa au kulaumiwa, lakini ulitokana na ukweli ambao haujabadilika: mtu hali shaba.

Kwa nini moteri peke yake haitoshi

Moteri ya idroliki haina mazuti wala cheche. Pampu ya trakta inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira, mafuta yanaingia ndani ya moteri na kuizungusha, moteri inazungusha visu, kisha mafuta yanarudi kwenye tangi kwa mpira mwingine. Ni mzunguko mmoja, kama damu mwilini. Ndiyo maana ugonjwa wa kiungo kimoja unafika kwenye viungo vyote.

Moto unapopita juu ya mashine, jicho linaona rangi iliyobabuka na mipira iliyoyeyuka. Madhara makubwa yako ndani. Pete za mpira zinazozuia mafuta kuvuja, zile za kawaida, huanza kukakamaa joto likipita kidogo nyuzi 100, na moto wa nyasi unapita hapo kwa mbali sana. Grisi ya beringi inakauka na kuwa masizi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini hupoteza nguvu mapema zaidi, kwa hiyo kifuniko cha alumini kinaweza kuonekana kizima na kupasuka siku ya kwanza ya kazi. Bolti ngumu na visu vilivyopikwa kiwandani ili viwe imara vinaweza kulegea vikipata joto kali kisha vikapoa polepole. Kisu kikikatika kikiwa kinazunguka kinaruka kama risasi.

Halafu kuna uchafu. Mpira unapoungua kwa ndani unaacha makaa madogo. Moteri ya zamani ilipokwama iliacha unga wa chuma. Vyote hivyo vinalala kwenye mabomba, kwenye vali na kwenye tangi la trakta. Anayefunga moteri mpya bila kusafisha njia hiyo anaulisha uchafu huo moteri aliyoinunua kwa dola. Inaweza kufa kabla ya hekta ya kwanza kwisha, na hapo kijiji kitasema kimeuziwa kitu kibovu, kumbe kimekiua chenyewe.

Kosa la tatu ni kununua moteri kwa macho. Duka la Kolwezi au Lubumbashi lina moteri nyingi zinazofanana kwa nje, lakini kila moja ina ujazo wake, yaani kiasi cha mafuta inachokunywa ili izunguke mara moja. Hesabu yake si ngumu. Trakta ikitoa lita 60 za mafuta kwa dakika, moteri ya ujazo wa sentimita 40 za ujazo itazunguka karibu mara 1500 kwa dakika. Ukifunga ya 100, itazunguka mara 600 tu. Ina nguvu zaidi ya kusukuma, lakini visu vitapiga majani bila kuyakata. Ukifunga ndogo kuliko inavyotakiwa, visu vitazunguka kupita kiasi walichopanga waliotengeneza mashine, na hapo atakayesimama karibu yuko hatarini. Kwa hiyo kibao cha namba kikiwa kimeungua, fundi asikisie. Apime unene wa shafti na ahesabu meno yake. Apime mashimo ya bolti na nyuzi za sehemu za kufungia mipira. Atafute namba zilizogongwa kwenye chuma chini ya masizi. Aandike pia upande ambao visu vinazungukia. Karatasi hiyo ndiyo inayokwenda dukani, pamoja na moteri yenyewe iliyoungua.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Fundi mzuri anaanza kwa usalama. Injini inazimwa, levazi zinasukumwa huku na huku ili nguvu iliyobaki kwenye mipira iishe, na mashine inakalishwa juu ya magogo imara. Hakuna anayeingia chini ya chuma kinachoshikiliwa na mafuta tu.

Kuna hatari moja ambayo wachache wanaijua. Baadhi ya pete za mashine zimetengenezwa kwa mpira maalumu unaovumilia joto. Pete hizo zikiungua kwa moto mkali sana, huweza kuacha ute mweusi wenye asidi inayokula nyama hadi mfupani. Kwa hiyo masizi yanayonata kwenye moteri iliyoungua hayaguswi kwa mkono mtupu wala hayafutwi kwa shati. Glovu nzito ni lazima, na watoto wanaopenda kuchezea vyuma wafukuzwe mapema.

Baada ya hapo mipira yote iliyoguswa na moto inatupwa, hata ile inayoonekana nzima. Vali zinafunguliwa na kuoshwa, pete zao zinabadilishwa. Vichwa vya kuunganishia nyuma ya trakta vinakaguliwa. Mafuta ya zamani yanamwagwa kwenye chombo, si mtoni, filta inabadilishwa, na mafuta mapya yanawekwa ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trakta. Mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo wengine huyaona kama njia ya kuokoa pesa, hayafai hata tone.

Moteri nyingi zina mpira wa tatu, mwembamba, ambao mafundi wengi huudharau. Kazi yake ni kurudisha tangini mafuta kidogo yanayopenya ndani ya moteri. Unatakiwa uende tangini moja kwa moja, bila kuzuiwa na kitu. Ukizibwa, au ukifungwa kwenye njia yenye shinikizo, mafuta yatatafuta pa kutokea na yatasukuma pete ya shafti nje mara moja. Moteri mpya ikivuja dakika ya kwanza, hapo ndipo pa kuangalia kabla ya kumlaumu muuzaji.

Liangaliwe pia jambo la kusimamisha. Visu ni vizito. Dereva akifunga mafuta ghafla, visu vinaendelea kuzunguka na kuigeuza moteri kuwa pampu. Bila vali ya kuyapa mafuta njia ya kuzunguka, moteri inakosa mafuta upande mmoja na kupasuka upande wa pili. Vali hiyo ikiwa imeungua, ibadilishwe pamoja na moteri.

Mwisho, moteri mpya inajazwa mafuta kwa mkono kabla ya kuwashwa. Injini inaunguruma polepole, visu vikiwa juu ya ardhi tupu na watu wakiwa mbali, kwa dakika kadhaa. Uvujaji unatafutwa kwa kipande cha katoni, kamwe si kwa kiganja. Mafuta yenye shinikizo kubwa yanapenya ngozi kupitia tundu ambalo jicho halioni. Kidonda kinaonekana kama mwiba, na mtu anaweza kupoteza mkono. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi, na amwambie daktari ni mafuta ya mashine. Baada ya saa chache za kazi filta ikaguliwe tena.

Moto hauna kabila

Sasa lile neno la pili, la wageni. Mutshatsha iko kwenye reli na barabara ya kwenda Dilolo, na tangu reli hiyo ilipomalizika mwaka 1931 watu wamekuwa wakishuka hapa na kupanda. Miaka hii wanakuja pia waliohamishwa na upanuzi wa migodi. Septemba 2023 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu familia zilizofukuzwa kwa nguvu karibu na Kolwezi ili migodi ipanuliwe. Wengine wanakuja kwa sababu ya vurugu za mahali pengine. Mtu wa namna hii hana mjomba wa kumtetea mbele ya shefu. Chuma kikiungua, jina lake ndilo jepesi kutajwa.

Chuma chenyewe kina ushuhuda wake, na hakisemi uongo kwa sababu ya kabila la mtu. Moto wa pori hutoka nje kwenda ndani: majani yanayozunguka mashine yameungua eneo kubwa, matairi na rangi vimeungua zaidi upande wa upepo. Moto uliozaliwa ndani ya mashine una sura nyingine: joto kali limekaa mahali pamoja, karibu na beringi au moteri, na majani makavu yaliyojisokota kwenye shafti yameungua hadi majivu huku pembeni kukiwa na nyasi nzima. Mashine ya kufyeka inaweza kujichoma yenyewe. Majani yanajazana juu ya moteri yenye joto. Beringi isiyopakwa grisi inakwama na kuwa nyekundu. Mpira uliotoboka unarusha mafuta kwenye bomba la moshi. Kisu kinapiga jiwe na kutoa cheche juu ya nyasi za Septemba.

Uchunguzi huu una faida mbili kwa mara moja. Kwanza unazuia mtu asiye na kosa asipigwe au kufukuzwa. Pili unaokoa moteri mpya, kwa maana kama ile ya zamani iliungua kwa sababu beringi ilikuwa kavu au mpira wa tatu ulikuwa umeziba, ile mpya itaungua pia. Kijiji kinachomfukuza jirani na kuacha beringi kavu kimeadhibu mtu na kumwacha mkosaji palepale.

Na ikithibitika kwamba ni mtu aliyewasha moto? Basi afuatwe kwa sheria na kwa jina lake, mbele ya shefu na mbele ya ofisi ya teritwari, kama mkaaji mwingine yeyote. Familia nzima haihukumiwi kwa kiberiti cha mtu mmoja.

Nani alipe

Wapo wanaosema trakta ni mambo ya matajiri, jembe lilitosha kwa mababu. Hoja hii ina uzito wake: jembe haliombi filta. Lakini mababu hawakuwa wakilima kipande kimoja na maelfu ya watu walioondolewa kwenye ardhi yao kwa siku chache. Wengine wanasema kampuni iliyotoa mashine ilete nyingine. Hilo nalo ni rahisi kusema, na linakifanya kijiji kiwe mtoto wa kulishwa daima.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 tayari inaonyesha njia. Katika redevansi ya madini, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa sekta au shefri ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi, na wawakilishi wa jamii hizo wanakaa katika chombo kinachosimamia pesa hiyo. Daftari la masharti linalosainiwa kati ya kampuni na wakaaji ndipo mahali pa kuandika mahitaji.

Tatizo ni kile kinachoandikwa. Jamii nyingi huomba kitu kinachopigwa picha: trakta inayong'aa, utepe wa kukata, hotuba. Hakuna anayepiga picha ya filta. Lakini trakta bila vipuri, bila fundi na bila kitabu cha kazi ni zawadi ya msimu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni mashine nzima kutupwa kwa sababu ya mpira wa mafuta.

Kwa hiyo, kabla ya daftari lingine kusainiwa, haya yaandikwe humo. Kila mashine ije na moteri moja ya akiba, mipira miwili ya kila aina, filta, pete na karatasi ya vipimo inayotunzwa mahali pawili. Vijana wawili wa hapa wafundishwe kazi ya idroliki. Kolwezi ni mji wa mashine, vichimbaji vya migodi vyote vinafanya kazi kwa mafuta yenye shinikizo, na mafundi wake wanajua kazi hii kuliko wengi barani Afrika. Mmoja wa vijana hao atoke katika familia zilizohamishwa. Kila anayetumia mashine, mwenyeji au mgeni, alipe kiasi kidogo kwa hekta, na pesa hiyo isiguswe kwa sababu nyingine, hata kwa msiba.

Kwa upande wa kijiji, gharama ni jasho tu. Mashine ilale kwenye udongo mtupu, mita kadhaa kutoka majani yoyote. Jioni majani yaliyojisokota yaondolewe na grisi ipakwe. Njia ya kuzuia moto ilimwe kuzunguka banda na mashamba mwezi Mei. Mashefu wakubaliane siku za kuchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na maji kidogo ndani, kwa sababu moto wa wakati huo unapita chini na kuzimika, ilhali ule wa Septemba na Oktoba unaua hata miti mikubwa ya miombo. Tangazo hilo lipitie redioni, kanisani na sokoni, kwa kila lugha inayosemwa kijijini, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Kijiji ambacho mashine yake imeungua mwaka huu kisingoje kikao cha tano. Kitume fundi akague chuma wiki hii, kipime, kiandike, kitume karatasi Kolwezi, na kiagize mipira na filta pamoja na moteri. Mvua ikianza, kila siku inayopotea inahesabiwa kwa magunia.